Kinyozi Aliyemnyoa Mkewe

Kinyozi huyu watu walimjua kwa mdomo kabla ya kumjua kwa mkasi. Ukikaa kwenye kiti chake, hajakufunga kitambaa shingoni utakuwa umeshapata habari za mtaa mzima, na ukiinuka unajikuta umenyolewa vizuri bila kujua ni wakati gani alinyoa. Mtu mmoja tu ndiye aliyemweza kwa maneno, naye ni mkewe, fundi cherehani, ambaye chumba chake cha kazi kilikuwa upande wa pili wa ukuta uleule. Ukuta wenyewe ulikuwa wa mbao nyembamba. Kinyozi akianza kumpambia mteja uongo, sauti ilipenya kutoka kule ng'ambo, cherehani bila hata kusimama:

"Mwongo huyo! Muulize ilikuwaje hasa."

Wateja walikufa kwa kicheko. Kinyozi akamwita mkewe Sindano, mwanzoni kwa utani tu, lakini mtaa ukalidaka jina hilo na haukulirudisha tena. Mama mzazi wa Sindano, aliyekuwa akiishi nao, naye akazoea kumwita binti yake hivyohivyo.

Sindano alikuwa na shida moja, pua. Vumbi la vitambaa lilimwandama tangu alipoanza ushonaji. Asubuhi alipiga chafya mpaka machozi, mchana pua ikaziba, jioni akawa anaongea kama mtu aliyejifungia ndani ya mtungi. Dawa za mafua alishameza za kila rangi. Basi mteja mmoja akamfundisha njia nyingine: chukua birika dogo, tia maji ya uvuguvugu na chumvi kidogo, inamisha kichwa upande, mimina tundu hili yatokee tundu la pili. Mara ya kwanza alipaliwa, akatema, akamlaani mteja na ukoo wake. Mara ya pili alipumua vizuri ajabu. Tangu hapo birika la pua likawa na msumari wake bafuni, na ole wake atakayelitia chai.

Mwanzoni maji hayo aliyachemsha, akayaacha yapoe. Msimu wa joto ulipowaka hakuona tena haja ya kuhangaika na jiko. Tangi jeusi lililokuwa juu ya paa lilipigwa na jua mchana kutwa, na bomba la bafuni likifunguliwa maji yalitoka yana uvuguvugu wake tayari.

"Jua limeshanichemshia," alisema, akacheka.

Hakuna aliyemkatalia. Ni maji yaleyale waliyoogea wote.

Ugonjwa ulianza na harufu. Kinyozi alikuwa akifagia nywele aliposikia cherehani kule ng'ambo kimesimama.

"Nani anaunguza kitambaa?" Sindano aliuliza.

"Hakuna anayeunguza kitu. Pasi si unayo wewe?"

Pasi ilikuwa baridi. Kinyozi aliigusa mwenyewe. Lakini mkewe alishikilia kwamba kuna kitu kinaungua, na chakula alichopikiwa na mama yake akakisukuma, akisema kinanuka moshi. Usiku huo kichwa kikamshika. Asubuhi alikuwa na homa, anatapika, na dirisha likifunguliwa anajifunika uso kwa shuka kana kwamba mwanga unamchoma. Kwenye zahanati ya jirani walimpima malaria, hawakuiona, wakampa dawa ya kutuliza maumivu na kusema arudi hali ikibadilika. Hali haikungoja. Mchana mama yake alimwinua ili amnyweshe uji, akashtuka kuona kichwa cha mwanawe hakiinami. Shingo ilikuwa imekaza kama ubao.

"Baba, ita gari," mama mkwe alimwambia kinyozi. "Huyu si wa kukaa hapa."

Hospitali kubwa ilikuwa na korido ndefu iliyopakwa rangi ya maziwa juu na ya majani chini, na viti vya chuma vilivyounganishwa pamoja, mmoja akihama mkao wote mnatikisika. Daktari aliyewapokea alikuwa mwanamke kijana, mwembamba, anayetembea haraka na kuongea haraka zaidi. Alimpima Sindano shingo, akammulika macho, akamuuliza jina lake na la mumewe.

Sindano alimtazama kinyozi kwa muda mrefu.

"Huyu ni mteja," alisema. "Ana deni la suruali."

Watu wa kitanda cha jirani walicheka. Kinyozi naye alitaka kucheka, maana ulikuwa utani wa Sindano hasa, lakini alipomwangalia machoni aliona hakuna utani mle.

Daktari alisema anashuku homa ya uti wa mgongo. Walimlaza Sindano ubavu, wakamkunja magoti, wakamtoa maji mgongoni kwa sindano ndefu, na hapohapo, bila kungoja majibu, wakaanza kumchoma dawa kali za kuua bakteria. Maji yale yalipaswa kung'aa. Yalitoka yana ukungu, kama maji yaliyooshewa mchele. Daktari aliyatazama kwenye mwanga wa dirisha, akakunja uso, akayapeleka maabara mwenyewe.

Kinyozi alikaa kwenye viti vya chuma na mama mkwe wake. Mama mkwe alivua kitenge chake cha kichwani, akakikunja, akakikunjua, akakikunja tena. Wauguzi waliingia na kutoka. Kila mlango ulipofunguka waliinua macho pamoja.

Siku iliyofuata Sindano hakuwa na nafuu. Alikuwa anaropoka, halafu akawa haropoki, na hilo lilikuwa baya zaidi. Ndipo daktari akaja na kufanya jambo ambalo kinyozi hakuwa ameona daktari yeyote akilifanya mahali pale. Alivuta kiti akaketi mbele yao, magoti karibu yagusane.

"Nisikilizeni vizuri," alisema. "Maji ya mgongoni yanaonyesha mwili wake unapigana na kitu, tena kwa nguvu. Lakini bakteria hatuwaoni. Kama ni wao, dawa tunazompa zingekuwa zimeanza kumsaidia. Nataka kuwauliza jambo, na msilione la ajabu. Aliogelea hivi karibuni? Mto, ziwa, bwawa, chemchemi ya maji moto?"

"Mke wangu?" kinyozi alisema. "Daktari, huyo anaogopa maji ya ndoo."

"Aliangukia kwenye maji? Alizamisha kichwa?"

"Hapana."

"Kuna maji yoyote yaliyomwingia puani? Kwa njia yoyote ile."

Kinyozi alifungua mdomo aseme hapana, akabaki mdomo wazi. Akaona birika dogo likining'inia kwenye msumari wake.

"Anaosha pua," alisema polepole. "Kwa birika. Kwa sababu ya mafua. Kila siku."

"Kwa maji gani?"

"Ya bomba. Yanatoka kwenye tangi la juu ya paa."

"Anayachemsha?"

Mama mkwe ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo. "Zamani alikuwa akichemsha."

Daktari alisimama kwa ghafla mpaka mstari mzima wa viti ukatikisika. Hakuaga. Alikwenda karibu mbio kwenye korido, na kinyozi, bila kuambiwa na mtu, akamfuata nyuma.

Maabara ilikuwa na kidirisha cha kupokelea vipimo, nacho kilikuwa wazi. Kinyozi alisimama hapo kama mteja anayengoja zamu. Ndani aliona hadubini mbili, rafu za chupa ndogondogo, na mtaalamu wa maabara, mzee wa makamo mwenye miwani aliyoisukuma mpaka kwenye paji la uso. Daktari alimweleza kwa haraka habari za tangi na birika. Mtaalamu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Chupa moja nimeiweka kwenye joto. Sikuitia friji. Ngoja tuitazame mbichi, bila rangi."

Alidondosha tone kwenye kioo chembamba, akalifunika, akakipenyeza kioo chini ya hadubini na kushusha miwani. Akasogeza kioo kidogo, akasogeza tena.

"Njoo uone," mtaalamu alisema hatimaye. "Upande wa kushoto. Kile kinatembea."

Daktari aliinama. "Kinatembea," alisema. Halafu, kwa sauti ya chini kabisa, "Kinatembea kweli."

Alipogeuka na kumwona kinyozi kidirishani hakumkaripia. Alitoka, akamshika kiwiko na kumpeleka pembeni.

Alimweleza kwa maneno ya kawaida. Ni mdudu mdogo asiyeonekana kwa macho, aina ya amiba, anayeishi kwenye maji ya uvuguvugu. Ukimnywa hakufanyi kitu. Wengi huingiwa naye puani na wasiugue kamwe. Lakini mara chache, mara chache mno, hupanda na mishipa ya kunusia mpaka kwenye ubongo, na akifika huko huula. Ndiyo maana Sindano alianza kwa kunusa moshi usiokuwepo. Na kwa hadubini mdudu huyo hufanana sana na chembe nyeupe za damu, akitulia hutamtofautisha. Mpaka atembee.

"Anatibika?" kinyozi aliuliza.

Daktari alivuta pumzi. "Sitakudanganya. Wengi hawaponi. Lakini wapo waliopona, na dawa walizopewa zinajulikana. Nyingi tunazo hapa, tunaanza sasa hivi. Iliyo muhimu sana hatuna. Ni kapsuli za kutibu kalaazari, na huku kwetu ugonjwa huo haupo."

"Ziko wapi?"

"Hilo ndilo ninalokwenda kulitafuta."

Alitafuta kwa simu, amesimama dirishani, sikio moja likiwa limezibwa kwa kidole. Hospitali ya kwanza hawakuwa nazo. Ya pili hawakupokea. Ya tatu, iliyokuwa mbali sana, upande wa nyika ambako wagonjwa wa kalaazari hutibiwa, alipokea mfamasia. Kinyozi alisikia upande mmoja tu wa mazungumzo: "Ndiyo, kwenye ubongo... Ndiyo, tumemwona akitembea... Basi la kesho? Kesho ni mbali, ndugu yangu." Kisha daktari akasema, "Mungu akubariki," akakata simu na kujifuta macho kwa mkono wa koti.

"Hatatuma kwa basi," alisema. "Analeta mwenyewe. Anatoka sasa."

Sindano alihamishiwa chumba cha wagonjwa mahututi. Walimlaza usingizi kwa dawa, mashine ikawa inampumulia, na chupa ya dawa ya njano ikatundikwa juu ya kitanda ikidondoka tone kwa tone. Ubongo ulikuwa umevimba, na maji yake yalikosa pa kutokea. Daktari wa upasuaji, mtu mnene mwenye sauti nzito, akaeleza kwamba lazima watoboe fuvu tundu dogo na kupitisha mrija wa kupunguza presha. Ili wafanye hivyo, nywele zitoke.

Muuguzi alikuja na mashine ya kunyolea. Ilikuwa safi, imetoka kwenye mfuko wake, lakini aliishika kama mtu anayeshika mwiko. Kinyozi aliinuka.

"Dada, samahani. Nipe mimi."

"Hapana, baba, hii ni kazi yetu."

"Na ni yangu pia. Ndiyo ninayokula nayo." Akanyoosha mkono. "Tafadhali. Hakuna aliyewahi kukigusa kichwa hiki kwa wembe. Asiwe mtu asiyemjua."

Muuguzi alimtazama daktari wa upasuaji. Daktari akatikisa kichwa kukubali. "Anawe vizuri, avae gauni na glavu. Na awe mwepesi. Nahitaji upande wa kulia tu, mbele."

"Upande mmoja?" kinyozi alisema. "Daktari, akiamka akute nusu ina nywele na nusu haina, mimi nyumba sina."

Daktari wa upasuaji alicheka, kicheko kifupi kilichomtoka bila kutaka. "Basi nyoa chote. Lakini haraka."

Nywele za Sindano zilikuwa nyingi, nzito, za kusuka mwenyewe siku za mapumziko. Kinyozi alifumua mikono ikiwa myepesi kuliko alivyodhani. Kisha akaanza, kutoka kwenye paji la uso kurudi nyuma, mstari kwa mstari, na alipoanza mdomo nao ukafunguka. Alimsimulia mkewe habari za mtaa kama alivyomsimulia kila aliyewahi kukalia kiti chake. Nani kagombana na nani, nani kapaka ukuta rangi mbaya. Alipofika nyuma ya sikio la kushoto alikuta kovu, jeupe, lenye umbo la mwezi mchanga. Miaka yote hiyo hakuwahi kulijua.

"Alianguka kisimani," alisema mama mkwe kutoka mlangoni, ambako alikuwa amezuiwa. "Alikuwa mdogo. Ndiyo maana anaogopa maji."

Kinyozi alikipitisha kidole juu ya kovu hilo. Akamaliza. Akafuta kichwa kwa dawa waliyompa, akarudi nyuma, na ilikuwa kazi nzuri kupita zote alizowahi kufanya, bila mkwaruzo hata mmoja. Daktari wa upasuaji alikiangalia akasema, "Nikistaafu nitakutafuta." Kisha wakamtoa nje, na huko ukutani kinyozi alilia mpaka kamasi.

Mfamasia alifika kesho yake asubuhi, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope, boksi dogo amelipakata kifuani. Alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye shati lililotoka nje upande mmoja. Alimkabidhi daktari boksi, wakahesabu kapsuli pamoja, wakaandikiana. Kinyozi alimshika mkono akataka kusema kitu. Maneno, yale aliyokuwa akiyamwaga bure kila siku, hayakuja hata moja.

"Usiseme kitu," mfamasia alimwambia. "Kwetu huwa tunawapa wagonjwa dawa hii wanarudi nyumbani kwa miguu yao. Nataka na huyu arudi kwa miguu yake."

Aliomba maji ya kunywa tu, akalala kidogo kwenye kiti cha gari mlango ukiwa wazi, akageuza safari.

Ngumu kuliko yote ilikuwa baridi. Madaktari walitaka mwili wa Sindano upoe kuliko kawaida, ili ubongo usivimbe zaidi. Walimlaza juu ya godoro lenye maji baridi yanayozunguka ndani yake, amefunikwa shuka jepesi tu. Mama mkwe aliporuhusiwa kuingia na kumgusa mwanawe, alishtuka akavua kitenge chake amfunike.

"Hapana, mama," muuguzi alimzuia kwa upole. "Ndiyo dawa yenyewe."

"Mtoto ana baridi!"

"Najua, mama. Ndivyo tunavyotaka."

Mama alisimama na kitenge mkononi, mzazi aliyekatazwa kumfunika mwanawe. Muuguzi akafikiri, kisha akamvutia kiti upande wa miguu. "Mshike mguu," alisema. "Hilo halikatazwi." Basi kila saa ya kuwaona wagonjwa mama alikaa hapo, unyayo wa binti yake ndani ya viganja viwili.

Kila siku mtaalamu wa maabara alichukua maji kidogo kutoka kwenye mrija. Siku za mwanzo wadudu walikuwepo, wanatembea. Baadaye walikuwepo, hawatembei. Kisha asubuhi moja mtaalamu mwenyewe akapanda ngazi, yeye ambaye watu walisema haonekani nje ya maabara yake, akasimama mbele ya kinyozi miwani ikiwa juu ya paji la uso.

"Nimetafuta," alisema. "Nikatafuta tena. Nikamwita mwenzangu naye akatafuta. Sina cha kukuonyesha."

Kinyozi alihitaji muda kuelewa kwamba hiyo ndiyo habari njema. Alipoelewa alimkumbatia yule mzee mpaka miwani ikadondoka.

Daktari kijana hakuwaruhusu kushangilia mapema. Walimpasha Sindano joto kidogokidogo, wakapunguza dawa ya usingizi, wakangoja. Alifumbua macho yakatazama dari, yasimtafute mtu. Siku iliyofuata yalimfuata mama yake yalipomwona akipita. Mashine ya kupumulia ilipoondolewa, koo lilikuwa limekauka na sauti ikawa ya mkwaruzo. Mkono wake wa kulia ulipanda taratibu mpaka kichwani, ukapapasa huku na huku.

"Nani?" aliuliza.

"Nani nini, mke wangu?"

"Nani... kaninyoa?"

"Mimi."

Alifumba macho. Walidhani amelala. Kisha akasema, neno moja moja kama mtu anayepanda ngazi, "Usi... nitoze."

Mama mkwe alipiga yowe lililowaleta wauguzi wawili mbio. Daktari kijana alikuwa amesimama kwenye miguu ya kitanda. Aligeukia ukutani, mabega yakimtikisika, na kinyozi hakujua kama anacheka au analia, na pengine yeye mwenyewe hakujua.

Kupona hakukuwa kwa siku moja. Mkono wa kushoto ulikuwa mzito, na maneno mengine yalimkimbia. Mkasi aliuita "kile cha meno", pasi akaiita "moto wa nguo". Kinyozi alijifunza kunyamaza mpaka mkewe alipate neno, jambo ambalo hakuna aliyemdhania angeliweza. Kutunga uzi kulimchukua wiki nyingi za kujaribu. Lakini alitoka hospitali kwa miguu yake, ameshikwa huku na huku, na kinyozi akampigia simu mfamasia amwambie hivyo, kwa maneno hayohayo. Upande wa pili, mfamasia akasikika akiwaita wenzake: "Jamani, njooni! Katembea!" Simu ikajaa vigelegele vya watu ambao kinyozi hatawaona maishani.

Walipokwenda kliniki kuangaliwa, kinyozi alikuwa amejiandaa. Njia nzima alipanga hotuba ya shukrani. Alipoketi mbele ya daktari ilipotea yote.

"Daktari," alisema, "ulijuaje kuuliza habari za pua?"

Daktari aliweka kalamu chini. "Nilipokuwa najifunza kazi," alisema, "aliletwa msichana, alikuwa ameogelea bwawani na wenzake. Dalili hizihizi. Tulimtibu homa ya uti wa mgongo kama inavyotibiwa. Hakuna aliyefikiria kitu kingine, mimi wala walimu wangu. Alifariki. Mama yake ndiye aliyetwambia tutafute kilichomuua. Alisema, mchunguzeni mwanangu, ili siku nyingine mjue. Tulipotafuta ndipo tukaona." Akaishika tena kalamu. "Tangu hapo, kila nikiona maji ya mgongoni yana ukungu na bakteria hamna, namsikia yule mama."

Sindano, ambaye mikono yake ilikuwa mapajani, alisema, "Yuko wapi?"

"Nani?"

"Huyo... mama. Nataka nimwone."

Daktari alisema hawezi kumtaja mtu bila idhini yake. Atauliza. Akiwa hataki, basi. Kinyozi alijua jibu litakuwa hapana, na hakumlaumu. Nani atake kumwona aliyepona ugonjwa uliomnyang'anya wa kwake?

Lakini mama yule alikuja. Alikuja mwenyewe mpaka kwenye chumba cha cherehani, alasiri moja, na daktari kijana amemsindikiza katika siku yake ya mapumziko. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, mwenye nywele za mvi zilizobanwa nyuma. Mama mkwe alimpokea, akamketisha kwenye kiti kizuri, akamletea maji. Sindano alitaka kusimama, mguu ukamsaliti, akarudi kukaa. Nywele zake zilikuwa zimeanza kuota, fupi, laini kama za mtoto, na nyuma ya sikio lile kovu jeupe bado lilionekana.

Kinyozi alisimama mlangoni. Alikuwa amefunga duka.

"Mama," Sindano alianza, "nili... nilikuwa na..." Neno lilimkimbia. Machozi yakamlenga kwa hasira. "Nilikuwa na mengi."

"Usiyatafute," mgeni alisema. "Wewe ongea tu. Lolote. Nataka kukusikia."

"Lolote?"

"Lolote."

Sindano alifikiri. Kisha akamnyooshea mumewe kidole, kile cha mkono mzito, kikipanda taratibu.

"Huyu," alisema, "ni mwongo."

Mgeni alimgeukia kinyozi, akamwona amesimama pale macho yamejaa machozi, akacheka. Kilikuwa kicheko kikubwa kuliko umbo lake, na katikati yake akalia, na hakukiacha kimoja kwa ajili ya kingine. Alisogeza kiti chake mpaka magoti yao yakagusana, akaichukua mikono ya Sindano.

"Endelea," alisema. "Amedanganya nini?"

Na Sindano, polepole, akitafuta kila neno na kulipata, akaanza kumsimulia.